Tumuombee au Tumnyamazie?



Wiki hii twawaomba wasomaji wetu watuvumilie, kwa kuwa mada tuliyoichagua si ya kusomwa kwa sauti mbele ya watoto. Mzazi na aisome kwanza peke yake, kisha aamue. Twazungumza juu ya wale waliofiwa na mtu aliyejitoa uhai mwenyewe. Katika miaka yote ya safu hii tumeandika juu ya talaka, mirathi, ugumba na ulezi wa mayatima, lakini jambo hili tumekuwa tukilipita pembeni, kama linavyopitwa pembeni katika mabaraza yetu yote.

Kilichotusukuma ni barua. Haikutoka pwani, bali katika nchi ya chai, mpakani mwa Kericho na Bomet. Wengi wetu twaijua nchi hiyo kwa paketi ya majani tu. Chai ichumwayo huko husafiri zaidi ya kilomita 700 hadi Mombasa, kwenye mnada uliohamishiwa hapa kutoka Nairobi mwaka 1969, na zipo nyumba nyingi za Changamwe na Mikindani zilizosomesha watoto kwa ujira wa maghala ya chai. Hakuna msiba wetu usiotiwa birika la chai hiyo jikoni tangu alfajiri. Hata hivyo ni wachache waliowahi kuiona ile milima ya kijani iliyokatwa sawasawa kama zulia, yenye baridi ya asubuhi na mvua ya mawe ya alasiri, ambayo huweza kuliharibu shamba la mkulima kwa muda wa nusu saa.

Dada aliyetuandikia ni mzaliwa wa pwani. Jina lake tumelificha na mambo mengine madogo tumeyageuza, ili asijulikane. Aliolewa na kijana wa Kikipsigis aliyesilimu alipokuwa akifanya kazi Mombasa, kisha wakahamia kwao mume. Mume akawa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na nyumbani wakawa na shamba dogo walilorithi. Mwaka mmoja na nusu uliopita mume huyo alijitoa uhai. Amemwachia mkewe watoto wawili, wa kiume mwenye miaka tisa na wa kike mwenye minne.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomuumiza dada yetu kuliko tulivyoweza kusoma kwa mara moja. Kwa kuwa kifo hakikuwa cha maradhi ya kawaida, ilibidi polisi waarifiwe na daktari aichunguze maiti, kama sheria inavyotaka. Siku zikapita huku yeye akijua kwamba maiti wa Kiislamu hucheleweshwi. Baadhi ya wazee wa ukoo wa mume walitaka azikwe upesi na kimya kimya. Baadhi ya Waislamu wa mjini walisema mtu wa namna hiyo haswaliwi. Hatimaye walijitokeza wanaume wanne wakamkosha, wakamvisha sanda, wakamswalia kaburini, na mmoja wao alikuwa dereva wa lori aliyekuwa akipita njia tu. Tangu siku hiyo hakuna aliyefanya hitima. Hakuna hata anayelitaja jina la marehemu.

Dada yetu atuuliza mambo matatu. Je, aruhusiwa kumuombea mumewe? Amwambie nini mwanawe wa kiume, ambaye shuleni amekwisha kuambiwa na wenziwe? Na la tatu ameliandika kwa maneno machache, chini kabisa ya ukurasa: akipe kifo hiki maana gani?

Swali la kwanza lina jawabu, na twasikitika kwamba ameishi mwaka mmoja na nusu bila ya kupewa.

Kujiua ni haramu, tena ni katika madhambi makubwa. Qur'ani katika Suratun Nisaa imetukataza kuziua nafsi zetu, na papo hapo, katika aya ile ile, ikatukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ni Mwenye kuturehemu. Hadithi za kuonya ni kali, na hatuna haki ya kuzilainisha. Lakini kusema jambo ni dhambi kubwa ni jambo moja, na kumtoa mtu katika Uislamu ni jambo jingine kabisa. Kauli iliyo mashuhuri kwa wanavyuoni, na ndiyo ya madhehebu ya Imam Shafi tunayoifuata wengi wetu pwani, ni kwamba Mwislamu aliyejiua hukoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na huzikwa katika makaburi ya Waislamu. Amri yake iko kwa Mola wake, akitaka atamuadhibu na akitaka atamsamehe, kama alivyo kila Mwislamu afaye na dhambi isiyokuwa shirki.

Wale waliosema haswaliwi hawakuzungumza hewani. Imo katika Sahih Muslim, kutoka kwa Jabir bin Samura, kwamba aliletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) maiti wa mtu aliyejiua, naye hakumswalia. Wapo wanavyuoni waliolishika hilo kwa dhahiri yake, miongoni mwao Umar bin Abdulaziz na Awzai. Lakini Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, alieleza kwamba Mtume alijizuia yeye mwenyewe ili watu waogope kitendo hicho, na masahaba wakamswalia. Kwa hiyo kiongozi mkubwa wa mji akiona maslahi ya kujizuia, ana pa kuegemea. Kuufunga mlango kwa waumini wote, hata mke na watoto wakakosa wa kuinua mkono pamoja nao, hakumo katika hadithi hiyo.

Ipo nyingine, nayo haisomwi sana kwenye mimbari zetu. Twatamani isomwe. Sahaba Tufayl bin Amr wa kabila la Daws alihama kwenda Madina pamoja na mtu wa kaumu yake. Yule mwenzake akaugua, akashindwa kustahimili, akajidhuru mikono yake hata akafa. Baadaye Tufayl alimwona usingizini akiwa na sura njema, ila mikono yake imefunikwa. Akamuuliza Mola wake amemtendea nini. Akajibu kwamba amesamehewa kwa ajili ya kuhama kwake kumfuata Mtume. Alipoulizwa kuhusu mikono, alisema ameambiwa kwamba hakitatengenezwa alichokiharibu mwenyewe. Tufayl akamsimulia Mtume, na Mtume akamuomba Mwenyezi Mungu aisamehe na mikono yake pia.

Twamuomba dada yetu aisome tena habari hiyo polepole. Kosa halikufichwa wala halikuitwa jema. Na aliye bora wa viumbe alipolisikia hakunyamaza, bali aliomba dua, tena aliliombea lile lile lililobaki bila ya kusamehewa. Ikiwa Mtume aliiombea mikono ya mtu yule, ni nani awezaye kumkataza mke kumuombea mumewe? Basi na amuombee. Na amtolee sadaka, na amsomee, na wanawe wafundishwe kumuombea baba yao. Hitima iliyokosekana yaweza kusomwa hata leo, sebuleni, na watu watatu.

Na hapa pana jambo la nyongeza ambalo halina budi kutajwa. Sheria yetu yasema kalamu imeinuliwa kwa asiyekuwa na akili timamu. Dada yetu aeleza kwamba miezi miwili kabla ya mauti mumewe aliacha kulala, aliacha kula, aliketi gizani baada ya zamu yake, na alisema mara kwa mara kwamba yeye ni mzigo. Sisi si matabibu, wala hatuwezi kumpima maiti kwa barua. Lakini kila tabibu wa maradhi ya akili atakwambia kwamba hizo ni dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, nayo ni maradhi kama yalivyo maradhi ya moyo na figo. Kiasi gani maradhi hayo yaliifunika akili yake saa ile ajua Mwenyezi Mungu peke yake. Kwa sababu hiyo hatumhukumu, na hatuoni vipi mwingine aweza kumhukumu.

Dada yetu ajilaumu. Aandika kwamba alipomwona mumewe katika hali hiyo alidhani ni udhaifu wa imani, akamhimiza azidishe swala, na siku moja akamkaripia. Lau angalijua, asema. Lau angalimpeleka hospitali. Lau asingalitoka kwenda sokoni siku ile.

Mtume (S.A.W.) alitutahadharisha na neno hilo "lau", kwamba hufungua mlango kwa kazi ya shetani. Zamani tulidhani onyo hilo ni la wale wanaolalamika juu ya kadari. Kadiri tunavyozipokea barua za wafiwa, twaona kwamba ni rehema pia kwa wanaojilaumu. Yeye alimjua mumewe kwa elimu aliyokuwa nayo siku zile, na sasa ajihukumu kwa elimu aliyoipata baada ya msiba. Hiyo si haki. Kumhimiza mtu aswali halikuwa kosa, wala ukali wa siku moja baina ya mke na mume haumuui mtu. Wataalamu waliochunguza vifo vya namna hii katika nchi nyingi hukubaliana kwamba ni nadra kuwa na sababu moja. Maradhi, madeni, upweke, maumivu ya zamani na saa moja ya kukata tamaa huchangamana, na anayebaki huokota kipande kimoja, aghalabu kipande chake mwenyewe, akakiita sababu.

Kuna mengi magumu katika nchi ile, na hatutaki ionekane kwamba twayatupia ukoo au ndoa yale ambayo ni mzigo wa wengi. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na tangu mashine za kuchuma zianze kuenea katika mashamba makubwa, kazi ya mikono imepungua. Mwezi Mei 2023 ghasia zilizuka Kericho na mashine zikachomwa moto. Mkulima mdogo naye hungoja bonasi ya mwisho wa mwaka, ambayo kwa muda mrefu upande wa magharibi wa Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya mashariki, na ada za shule na mikopo hukopwa kwa matumaini ya bonasi hiyo. Mwanamume hufundishwa kwamba haya hayasemwi. Ndivyo huko, na ndivyo kwetu Kisauni na Likoni. Tusijifanye kwamba jambo hili ni la bara. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hujitoa uhai kila mwaka ulimwenguni, na wengi wao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambazo ndizo nchi zetu.

Kimya hiki kimekuwa na nguvu ya sheria pia. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimfanya aliyejaribu kujiua akanusurika kuwa mhalifu, afungwe hata miaka miwili. Sheria hiyo tuliachiwa na mkoloni, naye mwenyewe huko kwao Uingereza aliifuta mwaka 1961. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu mjini Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba, katika kesi ambayo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa miongoni mwa walioifungua. Wapo waliotuuliza kama uamuzi huo wahalalisha lililoharamishwa. Hauhalalishi. Haramu imebaki haramu. Kilichoondoka ni kumtia pingu mgonjwa akiwa bado kitandani mwa hospitali, na ile hofu iliyozifanya jamaa nyingi zimfiche mtu wao badala ya kumtafutia tiba. Sisi twaona mahakama ilitenda vyema, na twataraji walioko misikitini watayasema haya waziwazi, kwa sababu mama mwenye mwana aliyenusurika humwendea imamu kabla ya kumwendea wakili.

Sasa tuje kwa mtoto. Ushauri wetu ni aambiwe kweli, na mama yake, kwa maneno ya umri wake. Baba alikuwa mgonjwa, ugonjwa wake ulikuwa katika fikira, ukamfanya asione njia, akajitoa uhai, halikuwa kosa la mwanawe, na sisi twampenda na twamuombea. Yatosha. Namna kifo kilivyotokea haina haja ya kusimuliwa. Atauliza tena baada ya mwezi, na tena atakapobaleghe, na kila mara ataongezewa kidogo. Tumewaona watu wazima walioambiwa kwamba baba alikufa kwa ajali, wakaja kuijua kweli harusini kwa mdomo wa mlevi au wa jamaa mwenye kinyongo. Waliomboleza mara mbili, na mara ya pili walimwombolezea mama yao aliyewadanganya. Mwalimu wa darasa naye aarifiwe, ili maneno ya watoto wenziwe yapate wa kuyazuia.

Juu ya swali la tatu tumekaa nalo siku nyingi, na hatukubaliani wote katika meza yetu. Mmoja wetu ashikilia kwamba kila msiba una hekima na ni juu ya muumini kuitafuta. Sisi wengine twakubali kwamba hekima ipo kwa Mwenyezi Mungu, lakini hatuoni kwamba mjane amelazimishwa kuifumbua. Nabii Yaakub (A.S.) hakuambiwa aeleze kwa nini ametenganishwa na mwanawe. Alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, akampelekea Mola wake mashitaka yake, na subira yake ikaitwa njema pamoja na machozi hayo yote. Basi dada yetu asijitese akikitafutia kifo hiki maana. Huenda hakina maana ambayo binadamu aweza kuishika mkononi.

Maisha ya mumewe ndiyo yenye maana, na hayo ayajua. Aliishi miaka thelathini na saba. Katika barua yenyewe, bila ya kukusudia, ametuambia kwamba alisilimu akiwa peke yake katika mji wa ugenini na akaswali miaka kumi na miwili, kwamba alizitengeneza pampu za maji za majirani bila ya kudai malipo, kwamba alimfundisha mwanawe Alfatiha kwa lafudhi ya Kikipsigis hata wakawa wakicheka pamoja. Saa yake ya mwisho imeyameza yote hayo kwa sababu hakuna anayeyasema. Ayaseme. Alitaje jina lake mezani. Amweleze binti wa miaka minne, ambaye hatamkumbuka, kwamba baba yake alikuwa fundi.

Yapo na mambo ya mkono. Madeni ya marehemu yaulizwe na yalipwe katika mali yake kabla ya mirathi kugawanywa, kwa kuwa deni ni zito kwa maiti. Vyama vingi vya kuweka na kukopa huikatia bima mikopo ya wanachama wao, basi aulize kabla ya kuuza hata ng'ombe. Mafao ya kazini na ya NSSF yafuatiliwe. Kujiua hakumwondolei mjane wala yatima haki ya urithi, na atakayemwambia vinginevyo na ampeleke kwa kadhi. Eda yake ilikuwa miezi minne na siku kumi kama ya mjane yeyote, naye aliikaa peke yake, bila ya mwanamke mwenziwe kumtembelea. Hapo akina mama wa Kiislamu wa mji ule wana deni, na tumewaandikia.

Mwanamke mmoja alikuja, nalo ndilo jambo katika barua hii lililotushangaza. Mavyaa wake, Mkristo, ambaye siku za msiba alimuuliza mbele ya watu amemfanya nini mwanawe, na kwa miezi tisa hakukanyaga kizingiti chake, alifika asubuhi moja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyoganda ya nchi ile. Hakuomba radhi wala hakueleza. Alikaa jikoni, akawamiminia wajukuu, kisha akaanza kusimulia mwanawe alivyokuwa mdogo: alivyoogopa radi, alivyofungua redio ya babake ili aone watu waliomo ndani. Tangu hapo huja kila Jumamosi. Dada yetu auliza kama yafaa kuketi naye na kumlilia marehemu pamoja, kila mmoja kwa dini yake. Yafaa, tena na amshike vizuri mama huyo. Ni mkwe wake na ni bibi wa watoto wake, na katika dunia nzima hakuna mwingine ampendaye marehemu yule kiasi hicho.

Kwa majirani na jamaa wanaosoma safu hii neno letu ni fupi. Ukimwendea mfiwa wa namna hii usiulize alikufaje. Usiseme yuko motoni, wala usiseme yuko peponi, kwani yote mawili si yako. Sema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, mtaje marehemu kwa jina lake, osha vyombo. Rudi baada ya arubaini, wakati wengine wote wamekwisha kuondoka. Na umwangalie mfiwa mwenyewe, kwa kuwa waliofiwa hivi huwa wao pia katika hatari zaidi kuliko wafiwa wengine. Akisema amechoka na dunia, muulize waziwazi kama afikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Aghalabu humpunguzia mzigo. Usimwache peke yake, na mfikishe hospitali ya kaunti au kwa mtaalamu.

Kwa aliye Kenya, namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hupigwa bila ya malipo, na Befrienders Kenya wapatikana kwa 0722 178 177. Hawaulizi dini wala kabila. Dada yetu ametuomba tuzichapishe namba hizi kwa herufi kubwa kuliko nyingine, nasi tumemwagiza mpiga chapa afanye hivyo.

Hitima ya marehemu itasomwa Ijumaa hii baada ya Alasiri nyumbani kwa mmoja wetu, na wanawake wote wakaribishwa. Jina lake tutalitaja huko.

Wabillahi taufiki.